Domingos da Guia: Beki aliyevuka mipaka na kutwaa ubingwa wa nchi tatu

Ilikuwa Juni 16, 1938, mjini Marseille, kusini mwa Ufaransa. Italia, mabingwa watetezi, walikuwa wakiongoza kwa bao 1-0 dhidi ya Brazil katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mchezo ulipofika dakika ya 60, mwamuzi Hans Wüthrich wa Uswisi alipuliza filimbi na kuamuru penalti. Mpira wenyewe ulikuwa mbali na eneo hilo. Aliyekuwa chini ni Silvio Piola, mshambuliaji wa kati wa Italia. Aliyemwangusha ni Domingos da Guia, beki ambaye Amerika Kusini yote ilimfahamu kwa utulivu wake.

Giuseppe Meazza alifunga penalti hiyo. Romeu aliirudishia Brazil bao moja dakika ya 87, lakini muda ulikuwa umekwisha. Italia ilishinda 2-1, ikaenda Paris na kutetea taji lake.

Tangu siku hiyo, kila anayeeleza habari za Domingos hujikuta akianza na penalti ya Marseille. Hata hivyo, mtu aliyefanya kosa lile alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa katika nchi tatu tofauti kabla hajatimiza miaka 24, na alikuwa amewafundisha watu wa bara zima kwamba kazi ya beki si kubutua mpira tu.

Mtoto wa Bangu

Domingos Antônio da Guia alizaliwa Novemba 19, 1912, katika kitongoji cha Bangu, magharibi mwa jiji la Rio de Janeiro. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kisheria nchini Brazil mwaka 1888, yaani miaka 24 tu kabla ya kuzaliwa kwake. Kwa familia nyingi za watu weusi, uhuru huo haukuja na ardhi, shule wala mtaji. Ulikuja na kazi za mikono, na huko Bangu kazi ilikuwa kiwandani.

Kitongoji hicho kilikua kwa kukizunguka kiwanda kikubwa cha nguo. Mafundi na wasimamizi kutoka Uingereza walioajiriwa hapo ndio walioanzisha klabu ya Bangu mwaka 1904. Kwa kuwa Waingereza hawakutosha kuunda timu, wafanyakazi wa kawaida nao waliitwa uwanjani, wakiwemo weusi. Mwaka 1905 tayari Bangu ilikuwa na mchezaji mweusi, Francisco Carregal, wakati klabu za matajiri katikati ya jiji zilikuwa bado zikiuona mpira wa miguu kuwa starehe ya vijana wa kizungu waliosoma.

Ukoo wa da Guia ulikuwa wa mpira. Kaka zake Domingos, akiwemo Ladislau, walimtangulia kuvaa jezi ya Bangu. Ladislau alikuwa mshambuliaji mwenye mashuti makali, na hadi leo ndiye anayeshika nafasi ya kwanza katika orodha ya wafungaji wa klabu hiyo.

Lakini mdogo wake alikuwa na hofu. Domingos alieleza uzeeni kwamba alipokuwa mtoto aliogopa kucheza mpira, kwa sababu mara nyingi alikuwa ameshuhudia wachezaji weusi wakipigwa uwanjani, wakati mwingine kwa kosa dogo tu la mchezo. Ladislau ndiye aliyempa dawa. Alimkumbusha kuwa ni hodari wa kucheza dansi, akamtaka aingie uwanjani na ustadi huohuo. Domingos alichukua hatua fupifupi za mtindo mmoja wa samba, akazigeuza kuwa chenga. Adui alipomjia kwa nguvu, yeye alikwisha kusogea na mpira wake, bila kumgusa mtu wala kuguswa.

Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo uliomfanya awe maarufu. Watazamaji waliona madaha, lakini mwanzo wake ulikuwa namna ya kijana mweusi kujikinga asipigwe.

Beki asiyebutua

Wakati huo timu nyingi zilipangwa kwa mfumo wa 2-3-5. Nyuma walibaki mabeki wawili tu, na mbele yao viungo watatu. Beki aliyekosea hakuwa na mtu wa kumsitiri isipokuwa golikipa. Kwa sababu hiyo, sheria isiyoandikwa ilikuwa moja: mpira ukifika kwenye eneo lako la hatari, upige mbali, popote utakapokwenda.

Domingos aliivunja sheria hiyo tangu alipoanza na kikosi cha kwanza cha Bangu mwaka 1929. Alisoma mchezo mapema, akasimama pale mpira ulipokuwa unakuja, akaupokea kwa utulivu. Mshambuliaji alipomkimbilia, alimpiga chenga ndani ya eneo la hatari, kisha akatoka na mpira mguuni huku ameinua kichwa akitafuta wa kumpa pasi. Mashabiki walishika vifua. Wapinzani walijikuta wamepitwa.

Mtindo huo ulipewa jina lake: domingada. Baadaye, mabeki wasio na uwezo wake walipojaribu kumuiga na kupoteza mpira karibu na lango lao, neno hilo lilianza kutumika kwa maana ya kosa la kizembe la beki. Ni nadra kwa ustadi wa mtu kugeuka jina la uzembe, na sababu ni moja tu: walioiga walikuwa wengi, walioweza walikuwa wachache.

Mlango wa jirani

Domingos aliitwa timu ya taifa mwaka 1931, akiwa bado hajatimiza miaka 19. Mwaka uliofuata, Desemba 1932, Brazil ilikwenda Montevideo kucheza na Uruguay kuwania Kombe la Rio Branco. Uruguay walikuwa mabingwa wa dunia, na uwanja ulikuwa ule ule wa Centenario walikotwaa Kombe la Dunia miaka miwili kabla. Brazil ilishinda 2-1. Mabao yote mawili yalifungwa na kijana mwingine mweusi kutoka Rio, Leônidas da Silva, na nyuma alikuwa Domingos.

Ushindi huo uliwafungulia wote wawili mlango. Klabu mbili kubwa za Montevideo, ambazo ni mahasimu wa jadi, ziligawana vijana hao: mwaka 1933 Leônidas alikwenda Peñarol, Domingos akajiunga na Nacional.

Kilichowavusha mpaka kinaeleweka kwa yeyote anayejua maisha ya mfanyakazi. Argentina ilikuwa imeruhusu soka ya kulipwa mwaka 1931, na Uruguay ikafuata mwaka 1932. Brazil ilikuwa bado inang'ang'ania soka ya ridhaa, walau kwenye makaratasi, huku klabu zikiwapa wachezaji fedha kwa siri. Kijana wa tabaka la juu mwenye mshahara wa ofisini aliweza kucheza bure. Mtoto wa Bangu hakuweza. Kanuni ya ridhaa ilisifiwa kuwa ni usafi wa mchezo, lakini kazi yake nyingine ilikuwa kuwaweka maskini nje.

Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuonekana mwaka 1923, Vasco da Gama ilipotwaa ubingwa wa Rio ikiwa na kikosi cha weusi, machotara na Wazungu wasio na kitu. Mwaka 1924 klabu kubwa ziliunda chama kipya, na Vasco ikatakiwa kuwaondoa wachezaji 12 ili ikubaliwe. Vasco ilikataa kwa barua ambayo leo ni moja ya nyaraka zinazoheshimiwa sana katika historia ya soka ya Brazil.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930, wachezaji bora walikuwa wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Fausto dos Santos, kiungo hodari wa Vasco, alibaki Barcelona baada ya ziara ya klabu yake barani Ulaya mwaka 1931. Wakuu wa soka wa Rio waliona hawawezi tena kuzuia mafuriko kwa mikono. Mwaka 1933 soka ya kulipwa ikaruhusiwa. Wachezaji waliopita mpakani walikuwa wameishinikiza nchi yao kubadilika kuliko hotuba yoyote.

Mataji matatu, nchi tatu

Huko Montevideo, Domingos alicheza pamoja na José Nasazzi, nahodha wa Uruguay iliyoshinda Olimpiki mara mbili na Kombe la Dunia la 1930. Nasazzi alikuwa beki wa amri na sauti, Domingos beki wa kimya na miguu laini. Nacional ilitwaa ubingwa wa msimu wa 1933, msimu uliokuwa na migogoro mingi kiasi kwamba bingwa hakupatikana hadi mwishoni mwa 1934.

Wakati huo Domingos alikuwa amekwisha kurudi nyumbani. Vasco ilimchukua, na mwaka 1934 ikawa bingwa wa Rio akiwa sambamba na Fausto na Leônidas. Mwaka huohuo Kombe la Dunia lilichezwa Italia, lakini Domingos hakuwemo. Shirikisho la Brazil lilikuwa katika vita na klabu za kulipwa, na timu dhaifu ikapelekwa. Ilicheza mechi moja tu ya mashindano hayo, ikafungwa na Hispania 3-1 mjini Genoa, ikatolewa.

Mwaka 1935 alivuka tena mpaka, safari hii kwenda Buenos Aires kuichezea Boca Juniors. Huko kulikuwa na Roberto Cherro na Francisco Varallo, washambuliaji wa Argentina, pamoja na Delfín Benítez Cáceres kutoka Paraguay. Boca ilitwaa ubingwa wa Argentina mwaka huo.

Uruguay, Brazil, Argentina: misimu mitatu mfululizo, mataji matatu, na lugha mbili. Yote hayo yalitokea zaidi ya nusu karne kabla ya Mkataba wa Asunción wa mwaka 1991, ambao kwao Argentina, Brazil, Paraguay na Uruguay ziliunda soko la pamoja la Mercosur. Wachezaji, kama walivyokuwa wanamuziki na mabaharia wa eneo hilo, walitangulia mikataba.

Ikumbukwe pia kwamba uhasama wa soka kati ya mataifa hayo matatu ulikuwa mkali. Magazeti ya pande zote hayakuwa na haya katika kuwabeza majirani, na wachezaji weusi wa Brazil walivumilia kejeli za rangi ugenini. Pamoja na hayo, watazamaji wa Montevideo na Buenos Aires walimpenda beki huyu. Lakabu ya Mwalimu wa Kimungu, iliyomfuata hadi kaburini, ilishika akiwa kwa majirani, kisha ikarudi naye Brazil.

Flamengo na umma

Mwaka 1936 rais wa Flamengo, José Bastos Padilha, alitaka kuifanya klabu yake kuwa ya watu wote. Aliwasajili Domingos, Leônidas na Fausto, nyota watatu weusi waliokuwa wakijulikana zaidi nchini. Flamengo ilikuwa na asili ya watu wa tabaka la juu waliopenda mashindano ya mitumbwi. Kwa usajili huo, vijana wa mitaa ya vilimani na wa vitongoji vya kando ya reli walianza kujiona kwenye jezi nyekundu na nyeusi. Leo Flamengo ndiyo klabu yenye mashabiki wengi zaidi Brazil, na miaka hiyo ndiyo ilikoota mizizi.

Domingos alitwaa ubingwa wa Rio na Flamengo mara tatu: 1939, 1942 na 1943. Taji la 1939 lilimaliza ukame wa miaka 12. Katika kikosi hicho aliingia kijana aitwaye Zizinho, ambaye baadaye angekuwa mchezaji aliyeng'ara kuliko wote katika Kombe la Dunia la 1950.

Ufaransa, 1938

Kombe la Dunia la 1938 lilikuwa la kwanza kwa Brazil kupeleka wachezaji wake bora bila kujali mgawanyiko wa vyama. Ilikuwa pia mara ya kwanza kwa Wabrazili kusikiliza mechi hizo moja kwa moja redioni, kwa sauti ya mtangazaji Gagliano Neto aliyekuwa Ufaransa. Watu walijazana penye vipaza sauti. Rio ilisimama.

Mechi ya kwanza, mjini Strasbourg, Brazil iliifunga Poland 6-5 baada ya dakika za nyongeza. Mechi na Czechoslovakia mjini Bordeaux ilikuwa ya vurugu na iliisha 1-1. Ikarudiwa siku mbili baadaye, na Brazil ikashinda 2-1. Domingos alipumzishwa katika mechi hiyo ya marudio, akarejea kwa ajili ya Italia. Leônidas, mfungaji tegemeo, alikosekana siku hiyo.

Kisha ikaja dakika ya 60. Kwa maelezo aliyoyatoa Domingos mwenyewe baadaye, Piola alikuwa amempiga teke, naye akajibu. Wabrazili walilalamika kwa miaka mingi kwamba mpira haukuwa mchezoni, na hasira nyingi zilimwangukia mwamuzi. Sheria, hata hivyo, iko wazi: kosa likifanyika ndani ya eneo la hatari wakati mpira uko mchezoni, ni penalti, hata kama mpira wenyewe uko upande wa pili wa uwanja.

Uzito wa tukio hilo uko mahali pengine. Maisha yake yote ya soka, Domingos alikuwa amejenga kazi yake juu ya kanuni aliyopewa na kaka yake: usiguswe, usiguse, usijibu pigo kwa pigo. Kanuni hiyo ilimlinda Bangu, Montevideo na Buenos Aires. Siku aliyoiacha kwa sekunde moja tu, mbele ya dunia, nchi yake iligharimika fainali. Tofauti ya mwisho kati ya Italia na Brazil ilikuwa bao moja.

Brazil iliifunga Sweden 4-2 na kushika nafasi ya tatu, na Leônidas akaibuka mfungaji bora kwa mabao saba. Timu ilirudi kama mashujaa. Mwanasosholojia Gilberto Freyre aliandika kuisifu kama sura mpya ya taifa lenye damu iliyochanganyika. Mwandishi wa michezo Mário Filho naye alitoa kitabu mwaka 1947 kuhusu mtu mweusi katika soka ya Brazil, na Domingos ni miongoni mwa wahusika wake wakuu. Kwa mara ya kwanza, nchi iliyokuwa imewafungia watu weusi milango ya viwanja ilijitambulisha duniani kupitia miguu yao.

Vita na jioni ya kazi

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilifuta Kombe la Dunia la 1942 na la 1946. La kwanza lingemkuta Domingos akiwa na miaka 29, umri ambao beki huwa amekomaa. La pili lingemkuta na miaka 33. Hivyo mechi nne za mwaka 1938 ndizo pekee alizocheza katika mashindano hayo. Katika timu ya taifa alicheza mechi 30, na mwaka 1945 alikuwa katika kikosi kilichoshika nafasi ya pili kwenye michuano ya Amerika Kusini huko Chile.

Mwaka 1944 alihamia Corinthians ya São Paulo, akakaa hadi 1947. Hakupata taji la ligi huko, lakini aliwaonyesha watu wa São Paulo kile ambacho Rio ilikuwa imekizoea. Mwaka 1948 alirudi Bangu, alikoanzia, akafungia hapo kazi yake.

Alikuwa amestaafu Julai 16, 1950, Uruguay ilipoifunga Brazil 2-1 katika uwanja wa Maracanã. Lawama za siku hiyo zilitua juu ya golikipa Barbosa na mabeki Bigode na Juvenal, wote watatu weusi. Kwa miaka mingi baadaye, walinzi weusi wa Brazil walibeba mzigo wa kutoaminiwa ambao washambuliaji weusi hawakuubeba. Sifa za Domingos hazikutosha kuwakinga waliomfuata.

Urithi

Jina la da Guia halikuishia kwake. Mwanawe Ademir, aliyezaliwa mwaka 1942, naye alianzia Bangu kabla ya kwenda Palmeiras mwaka 1961. Akiwa kiungo, alicheza zaidi ya mechi 900 na klabu hiyo, akatwaa nayo ubingwa wa Brazil mwaka 1972 na 1973, na alikuwa katika kikosi cha Kombe la Dunia la 1974. Alicheza polepole, kichwa juu, bila haraka hata kidogo. Mashabiki hawakusumbuka kumtafutia lakabu. Walimpa ya baba yake: Divino, yaani wa Kimungu.

Kwa upande wa mchezo wenyewe, hoja aliyoianzisha Domingos imeshinda. Leo kocha wa klabu kubwa hamnunui beki wa kati bila kuuliza kama anaweza kupokea mpira akiwa amebanwa, kumpita mtu mmoja na kuanzisha shambulizi. Kilichoitwa hatari mwaka 1929 sasa ni sifa ya kuajiriwa. Mabeki wa Brazil waliotokea baadaye kwa umaridadi, kuanzia Mauro Ramos, nahodha wa mabingwa wa dunia wa 1962, hadi Aldair wa mabingwa wa 1994, walipita njia aliyoifyeka yeye.

Domingos da Guia alifariki dunia Rio de Janeiro Mei 18, 2000, akiwa na umri wa miaka 87. Wazee wa Bangu, wa Nacional na wa Boca Juniors walikuwa na kumbukumbu ya mtu mmoja, kila upande ukimwita wake. Na neno domingada bado linasikika Brazil kila beki anapopoteza mpira karibu na lango lake, ingawa wengi wanaolitamka hawajui kwamba mwenye jina alikuwa haupotezi.